Mkanda wa umeme, michezo ya simu na majina yanayompotea mzee wa miaka 68

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 68, naishi Tanga. Kiafya sijambo, ila nina presha na dawa nameza nikikumbuka. Siku hizi majina yananipotea. Nakutana sokoni na mwanafunzi wangu wa zamani, sura naijua, hata dawati alilokuwa anakalia nalikumbuka, jina halitoki mpaka nimeshafika nyumbani. Redio naifungulia sauti hadi mama watoto analalamika. Kijana wangu aliyeko Doha ameona mtandaoni mkanda wa kuvaa kichwani unaopitisha umeme mdogo kwenye ubongo, unauzwa pamoja na michezo ya simu ya kunoa akili. Anasema kuna wazee Marekani wamerudishiwa kumbukumbu za ujana kwa njia hiyo. Bei yake ni karibu laki tisa za kwetu. Nimwambie alete? Una madhara? Na bao ninalocheza kila jioni halitoshi?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nikagundua kwamba umeuliza habari za mkanda, lakini mambo mawili makubwa zaidi umeyataja kwa kupita tu: lile neno "nikikumbuka", na redio. Nitayarudia. Kwanza nijibu ulichouliza. Kwa laki tisa hizo, mimi ningemwambia kijana asilete. Lakini usimgombeze. Hakudanganywa, ila amepewa nusu ya habari, na hiyo nusu aliyopewa ni ya kweli.

Nusu hiyo inatoka Boston. Mwaka 2019 Robert Reinhart na John Nguyen wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha jaribio walilofanya kwa vijana 42 wenye miaka ishirini na kitu, na wazee 42 wa miaka 60 hadi 76, wote wazima wa afya. Zoezi lenyewe dogo: unaonyeshwa picha, inaondolewa, baada ya muda mfupi inakuja nyingine, useme kama ni ileile au imebadilika. Linapima ile sehemu ya kumbukumbu ambayo kwa lugha ya darasani ningeiita ubao: unaandika, unatumia, unafuta. Wazee, kama ilivyotarajiwa, walikosea kuliko vijana. Kisha wakavishwa kofia yenye vituo vidogo vya umeme na kupitishiwa kwa dakika 25 mkondo unaopanda na kushuka kwa mdundo uliopimwa kwa kila mtu peke yake. Nia ilikuwa kuzifanya sehemu mbili za ubongo, ya mbele na ya pembeni, zipige pamoja tena, maana uzeeni huanza kupishana kama wapiga ngoma wasiosikilizana. Wazee wakapata alama za vijana, na hali hiyo ikadumu dakika 50 walizoendelea kupimwa baada ya umeme kuzimwa.

Mwaka 2022 kundi hilohilo la Boston likarudi na watu 150 wa miaka 65 hadi 88. Safari hii walisomewa orodha za maneno 20 wayakumbuke, huku wakipata umeme dakika 20 kwa siku, siku nne mfululizo. Waliopata umeme wa kweli waliboreka, na mwezi mmoja baadaye tofauti bado ilionekana. Walioanza wakiwa na kumbukumbu dhaifu zaidi ndio waliofaidika zaidi. Siwezi kuyapuuza matokeo hayo, nami nilipoyasoma nilisisimka.

Sasa nusu ya pili, ambayo matangazo huwa yanaisahau. Kofia ya Boston na mkanda wa dukani si kitu kimoja. Kule mtu alipimwa mawimbi ya ubongo kwanza, mdundo wake ukachaguliwa, na vituo vikapangwa kwa hesabu. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani hupitisha mkondo mmoja usiobadilika, wa miliampia 1 au 2, kupitia sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, na betri ya volti 9 inatosha kuviendesha. Chaja ya simu yako hutoa mara elfu moja zaidi. Njia hiyo ilipata umaarufu mwaka 2000, pale Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walipoonyesha kwamba umeme mdogo namna hiyo unaweza kubadilisha wepesi wa ubongo kuamrisha misuli ya mkono kwa dakika chache baada ya kuzimwa. Hauzilazimishi seli za neva zifyatuke. Unazisogeza kidogo tu, zikawa karibu zaidi na kufyatuka au mbali zaidi. Na sehemu kubwa ya mkondo haifiki ndani kabisa, kwa sababu inapita juujuu kwenye ngozi ya kichwa na kukwama kwenye fuvu.

Kwa wazee kuna jambo la ziada. Ubongo unavyozeeka husinyaa kidogo, na nafasi inayobaki hujazwa na maji yanayouzunguka, na maji hayo hupitisha umeme vizuri kuliko ubongo wenyewe. Kwa hiyo miliampia 2 zilezile zinaweza kufika sehemu iliyokusudiwa kwa mzee mmoja, na kwa jirani yake zikamwagikia kwingine. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya majaribio yapingane. Mwaka 2015 Jared Horvath na wenzake wa Melbourne walikusanya tafiti za watu wenye afya waliopitishiwa mkondo huo usiobadilika kwa kikao kimoja, wakazijumlisha, na hawakupata athari ya kutegemewa kwenye akili. Kuna watafiti waliowapinga kwa njia walivyohesabu, na ubishi huo haujaisha. Lakini kitu kinachohitaji mabingwa wabishane kama kipo au hakipo, sidhani ni cha kumnunulia baba kwa laki tisa.

Huenda kijana akakujibu: basi uvae huku unafanya mazoezi ya akili, ndivyo wanavyouza. Wazo hilo lina mantiki. Umeme unazifanya seli ziwe tayari, zoezi linazipa kazi. Limejaribiwa kwa wazee wenye afya Marekani, Ujerumani na kwingineko. Kinachojirudia ni kwamba watu huboreka kwa sababu ya zoezi lenyewe, na nyongeza inayoletwa na umeme, ikionekana, ni ndogo, leo ipo kesho haipo. Hapo ndipo utamu wa jaribio zuri ulipo. Nusu ya washiriki huwashiwa umeme kwa sekunde kama 30 tu, wausikie ukiwasha ngozi, kisha unazimwa kimyakimya huku mashine bado iko kichwani. Wao hawajui. Wengi wa hao nao wanaboreka, na wengine wanaapa kabisa kwamba umeme umewasaidia. Mtu anayevaa mkanda sebuleni kwake hana mwenzake wa kulinganishwa naye, kwa hiyo hata ukimwambia kijana "naona nafuu", sote wawili hatutajua nafuu hiyo imetoka wapi.

Umeuliza madhara. Chini ya uangalizi njia hii ni salama kwa kiasi kikubwa. Tathmini iliyotolewa mwaka 2016 ilihesabu vikao zaidi ya 33,000 bila kukuta madhara makubwa. Wengi husikia kuwashwa, kuchomachoma, wekundu wa ngozi, pengine kichwa kuuma kidogo. Nyumbani mambo hubadilika. Sponji ikikauka au ikikaa vibaya, umeme hujikusanya mahali padogo na ngozi inaungua. Mwenye kifafa, mwenye chuma kichwani kutokana na ajali au upasuaji, na mwenye betri ya moyo, wote wasiguse bila daktari. Mwaka huohuo wa 2016 watafiti wenyewe wa fani hii, zaidi ya 30, waliandika barua ya wazi kuwaonya watu wanaojiunganishia umeme nyumbani. Waliona kwamba mtu wa nyumbani hutumia kila siku, miezi na miezi, ilhali maabara hazijawahi kujaribu kiasi hicho.

Lililonifanya mimi niwe mwoga zaidi ni jaribio dogo la Oxford la mwaka 2013, la Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh. Vijana walifundishwa alama mpya za namba huku wakipitishiwa umeme. Waliopitishiwa sehemu ya nyuma juu ya ubongo walijifunza haraka zaidi, lakini walichojifunza hakikuwa chepesi kutumika bila kufikiri. Waliopitishiwa sehemu ya mbele ikawa kinyume chake. Yaani umeme uliinua uwezo mmoja na kushusha mwingine, na kama watafiti wasingepima vyote viwili, wangetangaza ushindi mtupu. Unapovaa mkanda kwa ajili ya majina, nani anakupimia kilichopungua?

Tuje kwenye michezo ya simu. Hapa nina mfano ninaoupenda. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika chuo cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, mwanafunzi mmoja wa kawaida kabisa alifanya zoezi la kukumbuka tarakimu zinazosomwa moja baada ya nyingine. Alianza na tarakimu 7, kama wewe na mimi. Baada ya miezi 20 na saa zaidi ya 230 za mazoezi, akafika tarakimu 79. Alikuwa mkimbiaji, kwa hiyo alizifunga tarakimu kwenye mafungu ya muda wa mbio. Siku walipombadilishia na kumsomea herufi badala ya tarakimu, akarudi kwenye 6. Kumbukumbu yake haikupanuka. Alichopata ni ufundi wa tarakimu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa bao. Mashimo 32, kete 64, na bila kuinama angekwambia kila shimo la mpinzani wake lina ngapi. Sisi wajukuu alituita wote kwa jina la kaka yetu mkubwa. Wakati huo tuliona ni dharau.

Ndiyo kanuni ya jumla ya mazoezi ya akili: unaboreka kwenye kile unachokifanya na vinavyofanana nacho sana, ila mbali na hapo faida huwa haisafiri. Kampuni iliyotengeneza Lumosity, michezo ya namna hiyo iliyotangazwa sana Marekani, ilikubali Januari 2016 kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya serikali kuishtaki kwamba ilidai michezo yake inazuia akili kuchakaa uzeeni, bila ushahidi wa kutosha.

Lakini nisiwe kama wale wanaotupa na mtoto wao pamoja na maji aliyoogea. Kuna jaribio moja linalonizuia kusema kwamba mazoezi yote ni bure. Linaitwa ACTIVE. Lilianza mwaka 1998, likachukua Wamarekani zaidi ya 2,800 wa miaka 65 hadi 94 na kuwagawa kwa kura: kundi la mbinu za kumbukumbu, kundi la kufikiri kwa mpangilio, kundi la kasi ya kuona na kutambua, na kundi lisilofunzwa chochote. Mafunzo yalikuwa vipindi 10 tu vya saa moja na kitu, kwa wiki tano au sita, na baadhi walipewa vipindi vichache vya kukumbushia miezi 11 na miezi 35 baadaye. Ukiwa mwalimu utakubali kwamba vipindi 10 ni kidogo sana. Hata hivyo, miaka 10 baadaye, waliofunzwa kufikiri na waliofunzwa kasi bado waliwazidi wasiofunzwa kwenye vipimo hivyohivyo. Waliofunzwa mbinu za kumbukumbu, yaani kile hasa unachokitafuta wewe, faida yao ilikuwa imekwisha. Makundi yote matatu, wakiulizwa, walisema wana taabu kidogo zaidi na kazi za kila siku kama kupika, kutunza hesabu na kupanga dawa. Walipopimwa kwa vitendo kwenye kazi hizo, tofauti haikujitokeza vizuri.

Kundi la kasi ndilo lililozua gumzo. Zoezi lao lilikuwa hivi: katikati ya skrini linatokea gari dogo au lori, pembeni linatokea gari jingine, vyote kwa muda wa kupepesa jicho. Useme katikati ulikuwa umeona nini, na pembeni lilikuwa upande gani. Ukipatia, muda unapunguzwa. Uchambuzi uliotoka mwaka 2017 ulikuta kundi hilo lilipungukiwa na hatari ya kupata demensia, ule usahaulifu wa ugonjwa, kwa asilimia 29 ndani ya miaka 10 ukilinganisha na wasiofunzwa. Nashika namba hiyo kwa vidole viwili, kwa sababu uchambuzi huo ulitegemea mahojiano na alama za vipimo, si daktari aliyemchunguza kila mtu. Lakini kama utacheza mchezo wa simu, chagua unaokukimbiza namna hiyo, unaozidi kuwa mgumu kila unapouweza. Na hakikisha ni wa bure.

Sasa ile "nikikumbuka".

Mwalimu, hapa ningependa nikae karibu yako nikushike mkono. Presha isiyotulia huharibu mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, polepole, bila maumivu, miaka kumi kabla hujajua. Marekani walifanya jaribio kubwa la watu zaidi ya 9,000 wenye presha, wastani wa umri wao ulikuwa 68, sawa na wako. Nusu walitibiwa hadi ile namba ya juu ishuke chini ya 120, nusu chini ya 140. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kundi la kwanza limepungukiwa kwa asilimia 19 na ile hali ya akili kuanza kuteleza inayotangulia demensia. Kwa demensia yenyewe tofauti haikuwa ya uhakika. Sikwambii ukimbilie 120. Kwa umri wetu presha ikishushwa kwa pupa mtu anasimama, anaona kizunguzungu, anaanguka. Lengo lako atalipanga daktari wako. Ninachokwambia ni kwamba kidonge cha presha kinachomezwa leo na kurukwa kesho kimekukosesha kinga iliyopimwa kwa maelfu ya watu, na wewe unafikiria kununua kinga iliyopimwa kwa makumi. Weka vidonge pale unapoweka mswaki, na mama watoto awe shahidi.

Redio nayo. Tume ya jarida la Lancet ilipohesabu upya mwaka 2024, iliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya demensia duniani, na upungufu wa kusikia umo kwenye mzigo mkubwa. Presha imo, kisukari kimo, kukaa bila mwendo, sigara, upweke, macho yasiyotibiwa. Ubongo usiosikia vizuri hutumia nguvu kubwa kubahatisha maneno, na kinachobaki cha kuyahifadhi ni kidogo. Hata jina la mwanafunzi: inawezekana hukulisahau, hukulisikia vizuri alipojitambulisha tena pale sokoni kwenye kelele. Nenda hospitali ya mkoa, wakutazame masikio. Mara nyingine ni nta tu, wanaiosha na redio inashuka sauti siku hiyohiyo. Isipokuwa nta, uliza vifaa vya kusaidia kusikia. Hizo laki tisa za Doha hapo zina kazi.

Na uende na dawa zako zote ndani ya mfuko, hata zile unazonunua duka la dawa bila cheti. Wazee wengi ninaowapima humeza Piriton usiku ili walale. Dawa za jamii hiyo hufunga kemikali ambayo ubongo huitumia kuweka kumbukumbu, na kwa mtu wa umri wako mzubao wake unafika hadi mchana wa kesho yake. Nimeona mzee aliyeletwa na wanawe wakiamini ana demensia, tukamwondolea dawa mbili, baada ya wiki tatu akawa anawakosoa wao.

Kuhusu kujinoa, kuna jambo unaloweza kufanya bila umeme. Dallas, Texas, Denise Park na wenzake waliwachukua watu 221 wa miaka 60 hadi 90, baadhi wakafundishwa kupiga na kuhariri picha kwa kompyuta, baadhi kushona mablanketi ya vipande, karibu saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Kundi jingine lilikutana tu, likapiga soga na kufanya matembezi. Kumbukumbu iliyopanda, kwa matokeo ya mwaka 2014, ni ya wale waliojifunza kitu kigumu kipya. Wewe umefundisha miaka yote hiyo, kwa hiyo kufundisha tena watoto wa mtaani hesabu ulizozizoea hakutakutoa jasho. Tafuta kitu ambacho utakuwa mwanafunzi wa mwisho darasani. Na utembee: watu 60 waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, Illinois, walikutwa na ongezeko la asilimia 2 kwenye sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, ambayo kwa kawaida ya umri huo hupungua.

Majina yenyewe yasikutie hofu. Jina kugoma ulimini kisha likaja lenyewe ukiwa unavua viatu ni uzee wa kawaida. Ningekuita kliniki haraka kama ungeniambia umepotea njia ya nyumbani uliyoizoea, au umeuliza swali lilelile mara tatu asubuhi moja na mama watoto akashtuka, au chenji ya dukani imeanza kukushinda. Hujasema hayo, na barua yako imepangika vizuri kuliko nyingi ninazopokea kutoka kwa vijana.

Bao endelea nalo. Halitakurudishia majina, lakini linakutoa nyumbani kila jioni, unakaa na watu, unabishana, unacheka, na upweke ni moja ya yale mambo 14 ya Lancet. Ukiweza, nenda kijiwe kile cha mbali kwa miguu, kule ambako huwa wanakufunga.